Kuelimishwa na Kuelimika katika Ngonjera za Mathias Mnyampala

Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo wa Dodoma, alitunga utenzi wa Injili na pia ngonjera zilizochapishwa katika *Ngonjera za UKUTA* (1970, 1971). Ngonjera hizo husomwa aghalabu kama chombo cha siasa ya Ujamaa. Usomaji huo ni sahihi, ila hauligusi swali la msingi: mhusika asiyejua anapokiri mwishoni kwamba ameelewa, je, amepata nuru au amenyamazishwa?

Mofolojia ya Kiswahili inatoa kipimo. *Kuelimishwa*, kwa viambishi -ish- na -w-, hudokeza mtendaji aliye nje ya mtu. *Kuelimika*, kwa -ik-, hutaja hali iliyotimia ndani yake. Ngonjera ya kufundishia huahidi hali ya pili, lakini ukiri wa haraka huthibitisha ya kwanza tu. Injili yenyewe ina mfano tofauti: kipofu wa kuzaliwa (Yohana 9) huhojiwa baada ya kuponywa, na jibu lake hutoka katika alichokiona mwenyewe.

Kongwa, katika Ugogo huohuo, ilishuhudia gharama ya maarifa yasiyohojiwa. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, uliachwa mwaka 1951 baada ya kushindwa na ukame na udongo mgumu.

Kwa hiyo, thamani ya ngonjera ipimwe kwa uzito wa maswali ya mpinzani kabla ya kupimwa kwa ukiri wake. Pasipo swali, nuru hubaki ya mwalimu peke yake.