Majina ya Maji Yetu: Nani Aliyeyatunga?

Kaa jioni kando ya Mulongwe uulize maana ya jina la mto. Utapewa maelezo matatu, na kila mzee ataapa kwamba lake ndilo la mababu. Wazungu nao walifanya vivyo hivyo. Burton, aliyefika Uvira na Speke mwezi wa Aprili 1858, aliandika kwamba Tanganyika ni mahali pa kukutana maji. Cameron, 1874, akasema ni kuchanganyika. Stanley akashika nyika: ziwa lililotandaa kama uwanda. Sisi tunaongeza tanga la mashua, basi, kesi imekwisha. Kila mmoja amekata jina pale kisu chake kilipopita.

Ruzizi ni vilevile. Mtu anaweza kulitoa kwenye uruzi, ndilo neno la mto kwa Kirundi na Kinyarwanda. Inapendeza, kweli. Lakini Warundi na Wanyarwanda, wenye neno hilo, wanaandika Rusizi, kwa s! Mimi siwezi kujenga nyumba juu ya herufi moja ya karani.

Tazama wenzetu wa Ulaya. Mto Seine wa Paris ulichukua jina la Sequana, mungu wa kike wa Waselti. Hapo sibishi: kwenye chemchemi yake, karibu na Dijon, jina limechongwa kwenye mawe ya sadaka, na mwaka 1933 ikapatikana sanamu yake ya shaba, amesimama ndani ya mashua yenye kichwa cha bata. Kwa Boyne wa Ireland ninasita. Jina liliandikwa na Ptolemy katika karne ya 2. Hadithi ya Boann aliyefukuzwa na maji ya kisima mpaka baharini iliandikwa karne nyingi baadaye. Hadithi inaweza kuzaliwa na jina, si jina na hadithi.

Kwetu watu husema, "mto ule uko na wenyewe." Sawa. Lakini wengi wanamleta Mamba Muntu kuwa shahidi, yule mwanamke-samaki aliyening'inia kwenye masaloni ya Katanga miaka ya 1970. Dada yake wa Afrika ya Magharibi, Mami Wata, alipata sura kutoka picha iliyochapwa Hamburg miaka ya 1880! Shahidi huyo amevaa nguo za juzi. Afadhali tuulize: nani alitoa sadaka mtoni, wapi, na kwa maneno gani?

Si mchezo wa wasomi. Mtu akisikia "vira" ndani ya Kavimvira anaona tayari ana hati ya shamba. Mwenzake naye anatafuta silabi yake, na kabla ya jioni wanaitana wageni. Silabi haina mipaka ya shamba.

Kamati yetu ingeanza na mama wazee wanaoteka maji, kila mmoja kwa lugha yake. Waseme jina polepole, tusikie sauti inapopanda na inaposhuka, ndipo tuandike.