Hadithi ya Mkame Ndume na Wanaoisimulia

Hapa Tibirinzi, ambapo mikutano mingi ya siasa imefanywa uwanjani, hadithi ya Mkame Ndume wa Pujini hupata wasimulizi kila mara watu wabishanapo juu ya watawala. Hadithi yenyewe naipenda, lakini namna isimuliwavyo yanisikitisha.

Yasemwa kwamba bwana huyo, ambaye jina lake watu hulifasiri "mkamua wanaume", aliwalazimisha raia zake kubeba mawe vichwani huku wakijikokota kwa makalio, ili ajengewe boma. Magofu yake yapo hata leo, kusini-mashariki ya Chake Chake, na wataalamu wa mambo ya kale wasema ni ya karne ya 15. Msimulizi akifika kwenye makalio, watu hucheka. Kisha huja neno lile: alikuwa mkali, lakini alijenga. Wakubwa kwa wadogo huitikia kwa kichwa.

Neno hilo halimo hadithini. Limetiwa na msimulizi. Waliotunga walikuwa na akili zaidi. Mtu aendaye kwa miguu hulifikisha jiwe upesi. Ajikokotaye chini hulichelewesha. Basi ukatili ule haukuinua ukuta hata shubiri moja. Ulichelewesha kazi, na mtawala aliupenda kwa ajili yake wenyewe. Tena mtu huyo, aliyeikanyaga nchi, yasemwa alishindwa kuwapatanisha wake zake wawili, hata kisima kikatiwa ukuta katikati wasionane!

Labda mtu ataniambia kwamba hii ni hadithi tu, na kwamba dola ya kweli yataka mkono mzito. Haya, tutazame jambo la kweli. Mwaka 1976, huko Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliwakamata watu ili kukomesha mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Nia ilikuwa njema. Lakini waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao wakafa kizuizini. Mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu, ingawa si yeye aliyewapiga. Wanaosema wema huidhoofisha serikali na watuambie ni nini kilichodhoofika hapo. Mwaka 1984 aliwa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Sisemi kujiuzulu kwake kuliwafufua wafu, wala kwamba utawala wake haukuwa na makosa. Nasema alikiri kwamba vifo vile vilikuwa na mwenyewe.

Hadithi ya Pujini nayo ina upungufu, nami sikuuona mpaka mtoto mmoja darasani aliponiuliza waliobeba mawe waliitwa nani. Nilimtajia Mkame Ndume. Akasema, "Huyo hakubeba, mwalimu." Nikanyamaza, kwa kuwa hadithi haikuhifadhi jina la hata mmoja wao.