Breka ya Ampea 70 kwenye Waya wa Ampea 35

Swali ni la mistari mitatu tu. Mota ya fezi tatu, hospawa 10, volti 230, inayofanya kazi mfululizo. Kibati chake kinasoma ampea 24 na sevisi fakta 1.15. Breka ya kawaida ya kuilinda dhidi ya shoti isizidi ampea ngapi? Majibu ya kuchagua: 30, 35, 60, 70.

Maswali ya sampuli hii yamejaa katika mitihani ya leseni ya fundi umeme nchini Marekani, na huwatoa jasho hata watu waliozeeka na koleo mkononi. Jibu sahihi ni 70. Fundi anayejua kwamba mota hiyo hufungwa kwa waya wa shaba namba 10, ambao kwa kazi za kila siku nyumbani hauruhusiwi breka inayozidi 30, anaona huu ni mwaliko wa kuchoma jengo. Anachagua 30, anapoteza alama, na anatoka akiamini mtunzi wa mtihani alikuwa na nia mbaya.

Mtunzi alikuwa na akili tu. Tazama majibu yale matatu yasiyo sahihi: hakuna hata moja lililookotwa njiani. Kanuni za taifa za umeme, kitabu ambacho mafundi wa huko hukiita NEC, zina jedwali katika ibara ya 430 linalosema mota ya namna hii ihesabiwe kuwa inakula ampea 28, hata kama kibati kinasema vingine. Ukizidisha 28 kwa asilimia 125 unapata 35, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho waya lazima uweze kubeba. Ukichukua 24 ya kwenye kibati ukaizidisha kwa asilimia hiyohiyo unapata 30, nayo ni mahali pa kuseti rilei ya ovalodi. Ukichukua 24 hiyohiyo ukaizidisha kwa asilimia 250 unapata 60: hesabu safi, ila imeanzia kwenye namba isiyo yake. Breka huhesabiwa kwa 28 ya jedwali, mara asilimia 250, na hapo ndipo inapotoka 70. Kwa maneno mengine, 30 na 35 ni majibu sahihi ya maswali ambayo hukuulizwa.

Kwa nini kitabu kinakubali breka kubwa hivyo? Mota inapowashwa huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kawaida, kwa sekunde chache tu. Breka ya 30 inaweza kukata kila mota ikiwashwa. Kwa hiyo kazi imegawanywa: breka inangoja shoti, na rilei ya ovalodi inachunga mzigo usizidi. Rilei ikiwa imesetiwa 30, waya wa 35 hauchemki hata breka iliyo juu yake iwe ya 70. Na sababu ya kutumia jedwali badala ya kibati iko wazi ukiifikiria: mota itaungua siku moja, italetwa nyingine ya hospawa 10 yenye njaa zaidi, na waya utakuwa uleule ndani ya ukuta. Rilei peke yake ndiyo hufuata mota iliyopo. Aliyeelewa mgawanyo huu hahitaji kukariri asilimia yoyote. Atajua aanzie wapi, na kitabu atakuwa nacho mezani.

Ndiyo, katika majimbo mengi mtihani hufanywa kitabu kikiwa wazi, jambo linalowapumbaza wengi. Ukipiga hesabu ya muda, unapata kama dakika tatu kwa swali, na kitabu kina mamia ya kurasa. Anayefungua ili kujifunza papo hapo hafiki mwisho.

Mtego mwingine ninaoupenda ni wa waya zilizobanana. Waya tisa za shaba namba 12, aina ya THHN, zote zikiwa na mkondo, ndani ya paipu moja: kila mmoja unabeba ampea ngapi? Punguzo la waya saba hadi tisa ni kubaki na asilimia 70. Wengi huanzia safu ya nyuzi 75 za Selsiasi, 25 mara 0.7, wanapata 17.5 na kuhukumu kwamba breka ya 20 haifai. Lakini ganda la THHN linastahimili nyuzi 90, na punguzo huruhusiwa kuanzia hapo: 30 mara 0.7 ni 21. Breka ya 20 inabaki. Waya wa ethi, kwa punguzo hili, hauhesabiwi kabisa.

Kwenye boksi la swichi, kinyume chake, ethi inahesabiwa, ila kwa ubahili. Ingiza kebo mbili za namba 12, kila moja na waya mweusi, mweupe na wa ethi. Waya nne zenye ganda ni nafasi nne, ethi zote mbili nafasi moja, vibanio vya ndani moja, swichi yenyewe mbili. Jumla nane, mara inchi 2.25 za ujazo, ni 18. Vipande vifupi vya kuungia vinavyoanzia na kuishia humohumo ndani havina nafasi. Hapa hakuna falsafa. Ni kuhesabu polepole.

Kwa wenzetu waliojifunzia kazi Mombasa au Dar na sasa wanatafuta leseni ng'ambo, kuna mitego ambayo mtunzi hata hakuikusudia. Namba ya waya huko ikipanda, waya unakuwa mwembamba, tofauti na milimita za mraba tulizozoea. Hatari zaidi ni rangi. Katika mfumo wa zamani wa Uingereza, ambao bado umo kwenye kuta nyingi za kwetu, mweusi ni nyutro. Marekani mweusi ni laivu, na nyutro ni mweupe. Mtihanini kosa hilo ni alama moja.

Texas hudai saa 8,000 za kazi chini ya fundi mkuu kabla ya kutoa leseni ya fundi wa kawaida, ingawa mtihani waweza kuufanya ukifikisha 7,000. Baada ya kungoja hivyo, ni ajabu watu wanavyonunua kitabu bila kutazama toleo. NEC hupitiwa upya kila miaka mitatu, na kila jimbo huamua lenyewe litumie toleo gani. Katika toleo la 2023 ibara ya 220, ya kukokotoa mizigo, ilipangwa upya: kanuni ya VA 3 kwa kila futi ya mraba ya nyumba iliwekwa 220.41. Mwenye kitabu cha 2017 ataitafuta huko asiione, na dakika zake tatu zitakuwa zimekwisha.