Nuru, Maji na Jiwe katika Picha ya Canaletto, "Uwanja wa Wachonga Mawe"

Canaletto (1697–1768) husifiwa zaidi kwa usahihi wa jicho lake, kana kwamba kazi yake ilikuwa kuinakili Venice jinsi ilivyokuwa. Sifa hiyo haiitoshelezi picha ya "Uwanja wa Wachonga Mawe", aliyoichora mnamo mwaka 1725 na ambayo imehifadhiwa katika National Gallery, London. Hoja ya sehemu hii ni kwamba uhalisia wa picha hiyo umo katika uteuzi: mchoraji ameamua nini kikae karibu nasi na nini kisogezwe mbali.

Mtazamaji anayetarajia maji hukutana kwanza na vumbi. Mbele yake ni uwanja wa San Vidal wenye mabanda ya mbao, mawe yaliyotapakaa na mafundi walioinamia kazi. Mfereji Mkuu, fahari ya mji, umebanwa katikati ukawa utepe mwembamba. Ng'ambo yake limesimama kanisa la Santa Maria della Carità na mnara wake wa kengele. Kanisa la San Vidal, ambalo mawe hayo yanachongwa kwa ajili yake, halionekani kabisa. Liko nyuma ya mtazamaji. Hivyo usanifu majengo unaonyeshwa ukiwa bado malighafi.

Nuru ya asubuhi nayo haikugawiwa kwa cheo. Inatua juu ya mawe meupe, nguo zilizoanikwa, na mtoto aliyeanguka huku mama yake akimkimbilia. (Jogoo aliye dirishani ndiye saa pekee ya picha hii.) Maji, kwa upande wake, ni njia zaidi ya kuwa kioo: Venice ilijengwa juu ya wangwa usio na machimbo ya mawe, na jiwe la Istria lilifika huko kwa vyombo.

Katika picha nyingi za baadaye, zilizouzwa kwa Waingereza kupitia Joseph Smith, maji yanatanda mbele kwa viwimbi vinavyojirudia. Ni kazi za ustadi mkubwa, lakini hazituambii nani alibeba jiwe.

Mnara wa Carità ulianguka mwaka 1744, na picha hii imebaki ushahidi wa umbo lake. Kuisoma hivyo ni halali, ila ni kuanzia mwisho: mnara umechorwa mbali, wachonga mawe karibu.