Ushahidi, Kiraho na Mpaka: Sanaa ya Riwaya ya Upelelezi Ikitazamwa kutoka Lunga Lunga

UTANGULIZI

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ina wasomaji wengi na wahakiki wachache. Vitabu vya Muhammed Said Abdulla, Faraj Katalambulla, Elvis Musiba na Ben Mtobwa vimepita mikononi mwa watu kwa miaka mingi, vikaazimwa hata majalada yakachanika. Ilhali katika idara za lugha vimezoea kutajwa kwa haraka chini ya jina la fasihi pendwa, kisha mjadala ukahamia kwenye vitabu vinavyohesabiwa kuwa vizito. Sababu zinazotolewa ni tatu: kwamba riwaya hizi ni za kupitishia wakati, kwamba zimeigwa kutoka Ulaya na Marekani, na kwamba msomaji akishamjua muuaji hana tena haja ya kukirudia kitabu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sababu hizo, hata zikiwa na ukweli ndani yake, zimeliacha jambo lililo kubwa zaidi. Sanaa ya riwaya ya upelelezi ni sanaa ya ushahidi. Inahusu njia anayoipita mtu mpaka akafika kwenye neno “fulani ndiye”, na haki aliyo nayo ya kulitamka neno hilo mbele za watu. Katika jamii ambamo neno hilo peke yake laweza kumwua mzee wa watu, njia hiyo si jambo la burudani tu.

Mahali pa kuipimia hoja hii pamechaguliwa kwa makusudi. Lunga Lunga ni mji wa mpakani katika Kwale, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, kwenye barabara itokayo Mombasa kwenda Tanga. Ng’ambo yake ni Horohoro, Tanzania. Haumo katika ramani ya kawaida ya riwaya hizi, ambayo ni ramani ya Unguja, Dar es Salaam, Nairobi na miji mikuu mingine. Kwa hiyo unafaa kutuonyesha ni zana zipi za fani hii zinazofanya kazi nje ya makao yake ya mazoea, na zipi zinazokwama.

BWANA MSA NA MZIMU

Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyompa Abdulla ushindi katika mashindano ya uandishi ya 1957-58 na kuchapishwa 1960, imehakikiwa zaidi kwa kulinganishwa na hadithi za Arthur Conan Doyle. Ulinganisho huo si wa bure. Bwana Msa ana kiko chake, ana utulivu wake, na ana Najum wa kumshangaa, kama Sherlock Holmes alivyokuwa na Watson. Lakini kuhesabu vitu vilivyoazimwa si sawa na kueleza vilivyofanyiwa nini. Jambo la kuangaliwa ni mahali Abdulla alipouweka mwili wa marehemu: kwenye mzimu, mahali pa matambiko, ambapo watu wana jibu tayari kabla ya swali kuulizwa.

Hapo ndipo ustadi wake ulipo. Katika hadithi ya London, mpelelezi hushindana na mhalifu aliyeficha dalili. Katika hadithi ya Abdulla mpelelezi hushindana kwanza na maelezo yaliyokwisha kukubaliwa na kijiji. Mhalifu hana haja ya kuficha mengi, kwa kuwa imani ya watu imemfichia. Mwandishi akaurudia mbinu huo katika Kisima cha Giningi (1968), ambamo jina lenyewe la Giningi linamwamshia msomaji wa Zanzibar habari za wachawi na mashetani kabla hajafunua ukurasa wa kwanza. Kwa njia hii mandhari hayakuwa pambo la hadithi. Yamekuwa sehemu ya msuko. Ukiuhamisha mzimu, hadithi inaanguka.

Hata hivyo kuna upungufu ambao haifai kuufunika. Akili, katika riwaya hizi, mara nyingi hukaa upande mmoja. Bwana Msa hufikiri, na wanakijiji huamini. Mizani ya namna hiyo humfurahisha msomaji wa mjini, lakini huidhulumu jamii inayosimuliwa, kwani hata mwenye kuamini mizimu ana namna zake za kupima maneno, kumtilia shaka shahidi na kumkamata mwongo. Riwaya isiyoziona namna hizo hubaki na mpelelezi hodari na kijiji kisicho na watu wazima.

KUTOKA KIKO HADI BASTOLA

Katalambulla, katika Simu ya Kifo (1965), aliuhamisha upelelezi kutoka kwa bwana mwenye akili na kuupeleka kwa ofisa wa polisi, Inspekta Wingo, na kutoka shamba kwenda Dar es Salaam. Musiba akaenda mbele zaidi. Willy Gamba wa Kufa na Kupona (1974) ni jasusi wa dola; kazi yake inampeleka Nairobi, na katika Kikosi cha Kisasi (1979) inampeleka Kinshasa. Joram Kiango wa Mtobwa naye akafuata katika mkondo uo huo wa mwendo na hatari.

Mabadiliko haya yalikuwa na faida. Yaliiingiza siasa ya ukombozi wa kusini mwa Afrika katika kitabu ambacho kijana aliweza kukinunua na kukimaliza kwa usiku mmoja, na yaliipa lugha sentensi fupi yenye kasi, iliyokuwa adimu katika nathari ya Kiswahili. Lakini yalikuwa na gharama. Mashaka yanapotatuliwa kwa bastola, swali la “tumejuaje?” hukoma kuwa na maana. Adui hujulikana mapema. Linalobaki ni kumfikia. Na mpaka wa nchi, ambao shujaa huuvuka mara kwa mara, unakuwa jambo la safari tu. Hauathiri anachoweza kukijua wala anachoweza kukithibitisha.

Kuhusu maisha ya waandishi wenyewe, ni vyema kukumbuka kwamba riwaya hizi ziliandikwa na watu wenye kazi nyingine. Abdulla alikuwa mhariri wa gazeti la Mkulima huko Zanzibar; Musiba alikuwa mfanyabiashara; Mtobwa aliishia kuanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Soko lao nalo lilikuwa la Afrika Mashariki nzima. Mzimu wa Watu wa Kale, Simu ya Kifo na Kufa na Kupona vyote vilitolewa na East African Literature Bureau. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi 1983. Ofisi ya vitabu ya Nairobi ikabaki ya Kenya peke yake, na ikawekewa sheria yake 1980. Kizuizi cha Lunga Lunga kwa hiyo kiliihusu fasihi hii moja kwa moja, ingawa haikukiandika. Upande wa Kenya, wengi wa walioshika kalamu ya uhalifu waliandika Kiingereza: Hilary Ng’weno alitoa The Men from Pretoria 1975, na John Kiriamiti akatoa My Life in Crime 1984.

MPAKA KAMA TATIZO LA FANI

Tuseme sasa mwandishi anaiweka maiti yake Lunga Lunga. Mara moja zana za Musiba zinakwama. Inspekta wa Kenya mamlaka yake yanakoma kwenye kizuizi. Shahidi aliyevuka kwenda Horohoro hawezi kuamriwa, ataombwa. Ni kweli kwamba tangu 1998 wakuu wa polisi wa eneo hili wana chombo chao cha ushirikiano, EAPCCO, lakini barua ya makao makuu huenda kwa mwendo wa barua, na shahidi huenda kwa mwendo wa miguu. Zaidi ya hayo kuna njia za panya, ambazo wenyeji wanazijua kuliko askari. Mpelelezi hapa hatapata neno kwa vitisho. Atalipata kwa heshima, kwa kujua nani ni mjomba wa nani, na kwa subira ya kukaa barazani. Msuko wake utategemea mazungumzo.

Na katika mazungumzo ndimo mlimo na hazina ambayo wataalamu wa lugha wangepaswa kuwa wa kwanza kuionyesha. Neno moja tu, “macho”, latosha kuwa mfano. Wa Unguja atasema macho. Wa Mvita atasema mato. Mdigo atasema matso. Sikio la inspekta lililofunzwa litamtenga mgeni kutoka Mombasa na mgeni kutoka visiwani kwa pumzi moja. Lakini sikio hilo hilo litashindwa kumtenga Mdigo wa Kwale na Mdigo wa Tanga, kwa sababu Kidigo kilikuwako kabla ya mpaka na kimeendelea kusemwa pande zote mbili. Litakalowatenga ni maneno ya serikali na ya shule. Mmoja husema alisoma shule ya upili, akapanda matatu, akaenda kwa chifu. Mwenziwe husema alisoma sekondari, akapanda daladala, akaenda kwa mtendaji wa kijiji. Shahidi anayedai hajawahi kuishi ng’ambo, kisha ulimi wake ukateleza kwenye neno moja la ofisi, amejifichua mwenyewe. Kidokezo cha namna hii hakiazimwi kutoka London. Kimo katika lugha, kinasubiri mwandishi wa kukiokota. Na si kidokezo cha uongo, kwani ndivyo watu wanavyosema.

Hapa sharti litolewe onyo. Lahaja ikitumiwa kama alama ya ujinga au ya uhalifu, kama ilivyozoeleka katika michezo ya kuchekesha, mbinu hii itageuka dhuluma. Inspekta anayesikiliza vizuri lazima ajue pia kwamba neno la ng’ambo laweza kuingia kinywani kwa ndoa, kwa biashara au kwa redio. Kidokezo hufungua swali, hakitoi hukumu. Kanuni hiyo ni ya fani, na pia ni ya uadilifu.

KIRAHO NA UPELELEZI

Kuna jambo zito zaidi. Kwale ni nchi ya makaya. Kaya Kinondo, karibu na Diani, ni mojawapo ya makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2008. Na katika mila za Wamijikenda, swali la “nani aliyetenda?” lina njia yake ya kujibiwa, nayo ni kiraho, kiapo cha kumpima mtuhumiwa. Riwaya ya upelelezi inapoingia hapa haingii mahali patupu. Inaingia mahali ambapo kazi yake inafanywa na mwingine.

Tofauti iliyopo baina ya njia hizi mbili haipo katika kutafuta ukweli, kwani zote mbili zinadai kuutafuta. Ipo katika kueleza. Kiraho hutoa jibu bila kuonyesha hatua. Anayelikataa jibu hana pa kushika. Upelelezi unalazimika kuzionyesha hatua moja moja, hata msomaji aweze kusema: hapa umekosea. Ndiyo maana riwaya nzuri ya upelelezi husomeka mara ya pili. Mara ya kwanza msomaji humtafuta muuaji. Mara ya pili huikagua njia. Wale wanaosema kwamba kitabu kimekwisha pindi jina linapotajwa wamesoma mara moja tu.

Umuhimu wa tofauti hii unaonekana katika jambo linalojulikana na kila msomaji wa magazeti ya Kenya: katika pwani, hasa Kilifi na Kwale, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Sheria ya Uchawi ilitungwa tangu 1925, na sheria peke yake haikutosha. Katika mauaji ya namna hii, mtuhumiwa hutajwa kwanza, na sababu hutafutwa baadaye: mvi zake, macho yake mekundu, ugonjwa wa mjukuu wa jirani. Mara nyingine nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo kizazi kipya kinalitaka. Abdulla angelitambua tukio hili mara moja, kwa sababu ndilo umbo la riwaya zake: imani ya wengi ikitumika kuficha haja ya wachache.

Lakini mwandishi wa Lunga Lunga hataweza kuishia alipoishia Abdulla. Hawezi kumleta bwana mmoja mwenye kiko awafumbue macho wajinga. Wazee wa kaya anaowaandika ni watu wenye sheria zao, na baadhi yao ndio wanaowindwa. Kazi yake itakuwa ngumu zaidi: kumwandika mzee anayeamini kiraho na bado akakataa kumtaja mtu bila ushahidi, kumwandika kijana aliyesoma, asiyeamini uchawi hata kidogo, na bado akautumia kumwua babu yake. Akifanikiwa katika hao wawili, ule mgawanyo wa akili na imani ulioidhoofisha riwaya ya awali utakuwa umevunjwa kwa uhusika, bila hotuba.

HITIMISHO

Imeonekana kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza na fani iliyoazimwa na ikaipa kazi yake yenyewe, yaani kuipambanisha tuhuma na ushahidi; kwamba kazi hiyo ilipungua pale kasi ilipochukua nafasi ya uchunguzi; na kwamba mandhari kama ya Lunga Lunga yanadai irudiwe kwa ustadi mkubwa zaidi. Kwa upande wa waandishi, hilo lataka utafiti: kukaa katika mahakama za Kwale na kusikiliza mashahidi wanavyohojiwa, kujua mipaka ya mamlaka ya askari, kusikia Kidigo na Kivumba vinavyosemwa na si vinavyoigizwa.

Kwa upande wa idara za lugha, yafaa riwaya hizi ziingizwe katika orodha za kufundishia, na mwanafunzi atakiwe kufanya jambo moja ambalo mitihani ya fasihi haijalizoea: kuzifuata hatua za mpelelezi, na kuonyesha ni hatua ipi isiyosimama. Anayeweza kuikataa hoja dhaifu ya Bwana Msa darasani ataweza pia kuuliza, siku jirani zake watakapomzunguka bibi kizee, kwamba haya yamejulikanaje na ni nani aliyeyaona.