Kifaru chenye paa ya mabati: Article 15 ya vita

Tangu vita ya Ukraine ianze, kuna video zinazopita sana ku simu zetu: kifaru cha Urusi kinasonga mbele na banda la mabati mgongoni, sawa kibanda cha soko kilichoamua kutembea. Kati yetu, wanaoziangalia wako makundi mawili. Wa kwanza wanacheka: jeshi kubwa vile, na limefika ku mabati! Wa pili wanashangilia: huyu njo mwenye akili, amejipanga na kile iko nacho. Ndugu na dada zangu, mimi naona makundi yote mawili yanakosea, na kosa la pili ni baya kuliko la kwanza.

Tuanze na kazi ya ile paa. Kifaru kilitengenezwa kwa adui anayetoka mbele. Mbele chuma chake ni kinene sana. Juu ya mnara wa mzinga ni makumi machache tu ya milimita. Mwishoni mwa 2021, kabla ya uvamizi wa Februari 2022, vifaru vya Urusi vilianza kuonekana na vizimba vya nondo juu ya mnara. Wengi walidhani ni juu ya Javelin, kombora la Marekani linalopanda hewani kisha linashukia paa. Kwa kombora lile, kizimba hakikusaidia kitu: Javelin iko na baruti mbili, ya kwanza inafungua njia, ya pili inatoboa. Njo pale kicheko kilianza, na wakati ule kilikuwa na haki.

Lakini adui akabadilika. Kuanzia 2023, kinachowinda vifaru kila siku ni droni ndogo ya FPV. Mwenye kuiongoza anavaa miwani na anaona kile kamera ya droni inaona. Bei yake ni dola mia chache. Kifaru ni mamilioni. Mara nyingi droni hiyo inabeba kichwa cha RPG-7. Kichwa kile hakitoboi kwa nguvu ya kugonga. Mlipuko unabana koni ya chuma laini, mara nyingi shaba, na kuitupa mbele kama mshale, na mshale ule unapoteza nguvu ukienda mbali. Kama bati linafanya droni ilipuke mbali na paa, ao wavu unainasa mbele haijalipuka, watu wa ndani wanaweza kutoka wazima. Njo maana Israel nayo iliweka paa juu ya Merkava mu 2023, na hata Abrams za Marekani zilizopelekwa Ukraine zilifungiwa vizimba. Anayecheka leo anahukumu jibu jipya kwa swali la zamani.

Sasa wale wanaoshangilia. Aprili 2024, karibu na Krasnohorivka, mu Donetsk, kilionekana kifaru kilichofunikwa na mabati karibu mwili muzima. Watu wakakiita kobe. Ni kweli kobe linaweza kupokea droni nyingi kuliko kifaru kitupu. Lakini tuulize bei. Mnara hauzunguki tena vizuri, maana yake mzinga, ile kazi kifaru kilinunuliwa kufanya, umefungwa. Dereva anaona kidogo sana. Na tusisahau kwamba mu T-72 makombora yamepangwa duara chini ya miguu ya askari: moto ukiingia, kila sekunde ya kutafuta mlango chini ya mabati inahesabika. Tena, ulinzi wenyewe haukai. Waongoza droni wanajifunza: wanatafuta upande wa nyuma ulioachwa wazi, wanapiga minyororo kwanza, droni ya pili inapita ku tundu la droni ya kwanza. Walipoweka mitambo ya kuharibu mawimbi, zikakuja droni zinazovuta uzi mwembamba wa kioo, ambazo hazitumii mawimbi. Baada ya mabati tukaona nyaya zilizosimama pande zote, kifaru kama nungunungu. Hakuna mwisho.

Sisi tuliosoma agronomia tunajua hii hadithi. Ukifunika kitalu cha nyanya na wavu mwembamba, nzi weupe wanabaki nje, vizuri. Lakini hewa nayo haipiti, unyevu unabaki ndani, ukungu unaanza. Hakuna kinga ya bure. Kwa hiyo swali la "inafaa ao haifai?" ni swali la mtoto. Maswali ya mtu aliyesoma ni matatu: inakinga na nini, inakula nini, na itadumu mpaka lini?

Mimi naongeza la ine: nani alipaswa kuifanya mbele ya askari? Hapa njo ninawagombanisha na wenye kushangilia, juu ugonjwa wao ni wetu. Siye Wakongomani tuko na Article 15: jipange mwenyewe. Tunaiimba kama sifa. Lakini kila Article 15 iko na mtu aliyekwepa kazi yake. Azerbaijan ilivunja vifaru vya Armenia kwa droni mu 2020, dunia yote ikaangalia. Wakubwa wa majeshi waliona video zile zile. Na bado, miaka mitatu kisha, askari ndiye alikuwa anatafuta mashine ya kulehemu na mabati ya kuokota.

Si Urusi peke yake. Desemba 2004, kule Kuwait, askari mmoja wa Marekani alimuuliza waziri wa ulinzi Donald Rumsfeld mbele ya wenzake: juu ya nini tunachimba vyuma ku jalala ili tufunike magari yetu? Rumsfeld alijibu kwamba mtu anaenda vitani na jeshi alilo nalo. Ile njo Article 15 kwa Kiingereza. Askari yule hakusifu mabati yake, aliyafanya kuwa swali. Na kuanzia 2007 Marekani ilinunua maelfu ya magari ya MRAP, yaliyoumbwa tangu chini kwa ajili ya mabomu ya barabarani.

Mama wa kijijini anang'oa mihogo yenye ugonjwa wa batobato kwa mikono yake. Anafanya vizuri, na hakuna wa kumcheka. Lakini kung'oa hakukutosha. Zilihitajika mbegu zinazovumilia ugonjwa, na hiyo ni kazi ya INERA na vituo vya utafiti. Tukimpigia mama makofi tu, tunakisamehe kituo kilicholala.

Basi tukiona tena kile kifaru chenye paa, tumheshimu aliyelehemu: alitaka kurudi kwao. Lakini tusiite lile bati maendeleo. Lile bati ni malalamiko yaliyoandikwa kwa chuma, na anwani yake iko juu, ku ofisi. Sie tunaotafuta kuingia mu ofisi zile tujizoeze kuyasoma toka sasa, mbele hayajaandikwa kwa jina letu.