Radi Inayopiga Besi

Jamani, radi inapiga besi! Sisemi ngurumo iliyorekodiwa mahali ikaletwa kwenye spika. Nasema cheche za umeme zenyewe, za rangi ya zambarau, zinaruka ndani ya kizimba cha chuma, na kila zikiruka noti nzito inakupiga kifuani. Ndiyo kwanza nimemaliza kuitazama Biophilia Live, filamu ya onyesho la Björk, mwimbaji wa Iceland, na siwezi kusubiri hadi kesho ndipo niandike.

Onyesho lilipigwa picha Septemba 2013 katika ukumbi wa Alexandra Palace, London, chini ya waongozaji Peter Strickland na Nick Fenton, na filamu ikatoka 2014. Sauti ya David Attenborough, yule mzee wa filamu za wanyama, ndiyo inayotukaribisha. Kisha jukwaa linawaka, na hapo ndipo nilipoacha kuegemea kiti.

Hiyo radi inatoka kwenye koili ya Tesla, mtambo aliouvumbua Nikola Tesla mwaka 1891. Cheche inapopasua hewa huipasha joto ghafla, hewa inatanuka kwa kishindo, na kishindo ndicho sauti. Zirushe cheche mara 110 kwa sekunde na sikio halisikii tena vishindo, linasikia noti moja ya besi. Badilisha kasi, noti inabadilika. Katika wimbo wa Thunderbolt hakuna mpiga gitaa la besi, na wala hahitajiki!

Lakini mfalme wa jukwaa hili, kwangu mimi, ni vinubi vya mvutano vya Andy Cavatorta, fundi wa Marekani aliyesomea chuo cha MIT. Ni pendulamu nne kubwa, kila moja ikining'inia na kubembea kama ile ya saa ya ukutani, na chini kabisa ya kila pendulamu kuna kinubi cha mviringo chenye nyuzi 11. Tazama kwa makini. Pendulamu inashuka, na ikifika chini uzi mmoja unadonolewa, ting! Inapanda upande wa pili, na huku inapanda kinubi kinajizungusha, kinatafuta uzi wa noti inayofuata, ili kikishuka tena uzi huo ndio ukutane na kidonoo, kile kipande kinachodonoa nyuzi. Kompyuta inaagiza uzi upi, ila mwendo wenyewe una bwana wake: muda wa pendulamu kwenda na kurudi hutegemea urefu wake na mvutano wa dunia. Huwezi kuikaripia iwahi. Mwimbaji anaingojea. Björk anaimba wimbo wa Solstice akiwa na vinubi hivi peke yake, na ule ukimya mfupi kati ya noti na noti, unapoiona pendulamu ikiwa juu na unajua inakuja, ni utamu ambao sijaupata kwenye tamasha lolote.

Kuna gameleste pia. Ni selesta, kile kinanda ambacho nyundo ndogo hugonga vipande vya chuma, ila vipande vyake vimeondolewa vikawekwa vya shaba nyeusi, ili ilie kama ala za gamelan za Indonesia. Imeundwa na Björgvin Tómasson, fundi wa vinanda vya kanisani huko Iceland, na Matt Nolan, mfua matoazi wa Uingereza. Inameta na sauti yake inameta. Onyesho lilipoanza Manchester mwaka 2011 kulikuwa pia na sharpsichord ya Henry Dagg, kinubi kikubwa chenye pipa la matundu zaidi ya 11,000 ya kupachika pini, chenye uzito wa zaidi ya tani mbili. Mtu aliketi miaka akaunda kitu hicho kwa mikono yake!

Ninachokipenda kupita vyote ni kwamba hakuna pambo hapa. Maumbo haya yangetosha kuwekwa kwenye jumba la sanaa, lakini kila kinachosogea kinatoa sauti, na kila sauti unaona inakotoka. Hata asiyejua muziki anaelewa kinachotendeka. Na kwaya ya Graduale Nobili, wale wanawake vijana wa Iceland wanaoimba na kurukaruka, inaitia mitambo hii damu.

Nina lalamiko moja tu. Waongozaji wanapenda mno kufunika jukwaa kwa picha za viumbe na sayari. Zinapendeza, lakini mara kadhaa nilitaka kupaza sauti: turudishieni pendulamu!

Itafuteni. Msiitazame kwenye simu, maana besi ya umeme haitoki kwenye spika ya simu. Azimeni spika kubwa kwa jirani, ongezeni sauti. Na nyinyi mafundi wa ala na wachongaji, ikifika Solstice isimamisheni, irudisheni nyuma, muitazame mara ya pili.